Mheshimiwa Changawa Nzai, Aliyekaa Kimya Mazishini (1958–2026)

Mheshimiwa Elijah Changawa Nzai alikuwa na kanuni moja ambayo Chaani nzima iliijua: kwenye mazishi hakushika kipaza sauti. Alikuja mapema, akapanga viti, akashika koleo zamu yake ilipofika, akala pamoja na watu, akaenda zake. Aliishika kanuni hiyo miaka thelathini na moja, akiwa diwani, akiwa mwakilishi wadi na akiwa mbunge. Leo tunamzika yeye, na familia imeona ni haki watu waambiwe kanuni hiyo ilitoka wapi na ilimfikisha wapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kaloleni, mtoto wa pili wa Mzee Nzai wa Tinga na Mama Mwenda. Baba yake alikuwa kibarua bandarini, na mwaka wa 1963 aliihamishia familia Chaani, kwenye chumba kimoja cha makuti. Marehemu ndiye aliyekuwa akituamsha sisi wadogo zake kwenda kuteka maji kabla ya shule, na aliyechelewa kuamka alimwagiwa kata ya kwanza.

Alisoma shule ya msingi hapa Changamwe kuanzia mwaka 1965, kisha shule ya upili ya bweni Kaloleni, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1976. Walimu wake waliandika kwamba alikuwa mwanafunzi wa wastani mwenye sauti kubwa. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka mbele katika kila alilolifanya baadaye, na ndiyo iliyomwingiza makosani.

Mwaka 1977 aliajiriwa karani wa ghala huko Shimanzi. Miaka sita baadaye wafanyakazi wenzake walimchagua kuwa katibu wa tawi la chama chao. Tarehe 29 Desemba 1992 alichaguliwa diwani wa wadi yetu katika Baraza la Manispaa, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Mwezi Agosti mwaka 1994 alialikwa kwenye mazishi ya kijana mmoja hapa Chaani, kibarua aliyeangukiwa na mzigo. Mama wa kijana huyo aliitwa Kafedha, mwanamke mjane aliyekuwa akiuza mihogo. Diwani wetu alipewa dakika tano za kutoa rambirambi. Alizungumza karibu saa nzima. Alizungumzia barabara ya Magongo, akazungumzia mabomba ya maji, akamtaja kwa jina mpinzani wake na kumweleza alivyo. Kisha, kwa kuwa desturi ya wanasiasa wetu haimruhusu mheshimiwa kuketi kabla ya kuwaalika wenzake "wasalimie watu", aliwaalika madiwani wanne, na salamu za hao zikawa hotuba nne. Jeneza lilikuwa juani. Mchungaji alipotazama saa yake, aliamua kufupisha ibada, na jina lililokatwa kwenye ratiba lilikuwa la mama mzazi.

Kafedha hakupiga kelele. Alimfuata diwani hadi alipokuwa amesimama na kumwambia mbele ya watu, "Mheshimiwa, nilikuwa na maneno mawili tu ya mwanangu. Umeyakalia."

Marehemu alitueleza mwenyewe kwamba siku hiyo hakuweza kula. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Kafedha kuomba radhi, naye akakataa kutoka nje. Alikwenda mara ya pili, akaambiwa mama amelala, na huku anamsikia akikohoa ndani. Mara ya tatu alifunguliwa mlango. Kafedha alimwonyesha kigoda, akamwambia, "Kaa. Leo utanisikiliza wewe." Kisha akayasema maneno yake: "Mwanangu hakupita mlango huu bila kuniita. Hata akiwa na hasira na mimi, aliniita kwanza. Basi, ni hayo tu. Ungenipa nusu dakika ningemaliza."

Alipotoka hapo, kanuni ilikuwa tayari.

Asidhani mtu kwamba alikuwa bubu. Alichaguliwa tena diwani mwaka 1997, akashindwa mwaka 2002, akarudi mwaka 2007. Ugatuzi ulipoingia, tarehe 4 Machi 2013, alichaguliwa mwakilishi wadi katika Bunge la Kaunti. Huko alileta hoja ya kutengwa kwa ardhi ya makaburi ya umma upande wetu wa bara, nje ya kisiwa, kwa sababu alikuwa amewaona watu wa Chaani wakibeba maiti zao kutwa nzima wakitafuta pa kuzika. Hoja ilipita, na hadi leo ardhi hiyo haijatengwa. Tarehe 8 Agosti 2017 alichaguliwa mbunge wa eneo hili kwenda Bunge la Taifa, na mwenye kutaka kujua alisema nini huko Nairobi asome kumbukumbu za Bunge, maana alisimama mara nyingi na hakusimama ovyo. Aliamini kwamba bungeni ndipo pa kuzungumzia barabara na mabomba, na kaburini ni mahali pa wenye msiba.

Wapinzani wake walimwita Bwana Viti. "Tumemchagua mbunge au mpanga viti?" waliuliza kwenye mikutano, na watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka pia. Mwaka fulani alivitengeneza kwa misumari viti kumi vya kanisa vilivyovunjika, akaandika B.V. chini ya kila kimoja. Baadhi yenu mmevikalia sasa hivi.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na Esther Dama Randu katika kanisa la Kaloleni. Walijaliwa watoto watatu: Caroline, Tinga na Mwidani. Bi Dama alikuwa mshonaji wa nguo, na alishona sare za kampeni za mumewe katika chaguzi zote sita. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba alipokuwa mumewe kazini, na wako wanawake hapa wanaokiri kwamba kura yao walimpa Dama.

Bi Dama alifariki ghafla tarehe 11 Mei 2019, na tukamzika Jumamosi tarehe 18, hapa Magongo, kwenye kiwanja cha familia. Marehemu wakati huo alikuwa mbunge aliye madarakani. Asubuhi ya siku hiyo tayari waheshimiwa kumi na mmoja walikuwa wameketi kwenye hema la mbele, kila mmoja na wapambe wake, wakingoja mwenye msiba asimame ili nao wapate kualikwa.

Caroline, binti yake mkubwa, alimfuata nyuma ya nyumba. Maneno yao tuliyasikia sote tuliokuwa jikoni.

"Baba, umeniambia husemi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Mama alikupigia kampeni mara sita. Huna hata sentensi moja ya kumpa?"

"Ninazo nyingi."

"Basi zitoe. Leo wewe si mbunge, leo wewe ni mume wake."

"Mimi najua hivyo. Wale kumi na mmoja hawajui. Nikiinuka mimi, watainuka wote, na mama yako atakaa juani kama mtoto wa Kafedha."

"Waambie wasiinuke!"

"Nikiwakataza kwa kipaza sauti, hiyo nayo ni hotuba, na watanijibu."

Caroline alipopewa nafasi yake kama mtoto mkubwa, alisema machache kuhusu mama yake, kisha akamalizia, "Baba yetu yuko pale. Ameamua kukaa." Marehemu alikaa. Hakuna mwanasiasa aliyezungumza siku hiyo. Bi Dama alizikwa kabla ya saa nane mchana, kwa heshima, na waheshimiwa waliondoka wamenuna bila kugusa chakula. Caroline alirudi kwake Mishomoroni na hakukanyaga tena nyumbani kwa baba yake kwa miaka minne.

Wasifu huu haukuandikwa kumpamba mtu. Kanuni ya marehemu ilikuwa ya haki, na aliyefanya haki siku ile ni yeye. Lakini kwa Kafedha, mtu asiye wake, alikwenda kuomba radhi mara tatu. Kwa Caroline hakwenda hata mara moja. Alikuwa akisema, "Anajua nilipo." Hilo lilikuwa kosa lake, na alilikiri akiwa amechelewa.

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulipokaribia, mwenyekiti wa kampeni zake, rafiki yake wa miaka mingi Bwana Anwar Noor, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Magongo, alimsihi sana. Mpinzani wake alikuwa akizungumza kwenye mazishi kila Jumamosi, wakati mwingine matatu kwa siku.

"Ndugu yangu Changawa, dakika mbili tu," Bwana Anwar alimwambia. "Omba dua, na katikati ya dua ulitaje jina la chama kwa mbali."

"Dua haina chama, Anwar."

"Basi wallahi utashindwa, na mashahidi wako wote wako makaburini."

Alishindwa kwa kura mia sita na kumi na moja. Alikubali matokeo siku hiyo hiyo, akampigia simu mshindi kumpongeza, na Jumamosi iliyofuata alikuwa Chaani kwenye mazishi ya mzee mmoja, akipanga viti.

Mwezi Septemba mwaka 2023 marehemu alianguka bafuni, na hospitalini iligunduliwa kwamba kisukari kilikuwa kimeharibu figo zake. Bwana Anwar ndiye aliyempigia simu Caroline. Hakumbembeleza. Alimwambia, "Mwanangu, babako yuko wodini. Mimi nimeshakwambia, shauri lako na Mola wako." Caroline, ambaye ni muuguzi, alifika kabla ya jua kutua, na tangu siku hiyo hadi mwisho ndiye aliyempeleka kusafishwa damu kila Jumanne na kila Ijumaa. Marehemu alimwomba radhi wiki ya kwanza. Caroline alimjibu, "Nyoosha mkono, Baba, nitafute mshipa," na akautafuta huku analia.

Siku moja ya mwezi Novemba mwaka jana, mashine ikiendelea na kazi yake, Caroline alimuuliza lile alilotaka kulijua miaka yote hiyo.

"Siku ile ya Mama, ungesema nini?"

Marehemu akasema, "Yalikuwa tayari, mwanangu. Niliyapanga usiku kucha, ya mwanzo hadi ya mwisho. Sasa nayatafuta siyapati."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nakumbuka tu kwamba yalikuwa mazuri."

Mheshimiwa Changawa Nzai aliaga dunia Alhamisi tarehe 22 Januari 2026, saa kumi na moja alfajiri, Caroline akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha watoto watatu: Caroline, Tinga na Mwidani, wakwe wawili, wajukuu saba, dada yake Bi Waridi, aliyeolewa Likoni, na mdogo wake Mwalimu Tsofa Nzai, aliyeuandika na kuusoma wasifu huu.

Waheshimiwa mliokuja kutufariji, tunawashukuru, na viti vyenu viko pamoja na vya watu wengine. Baada ya wasifu huu atazungumza Caroline, kwa muda wowote anaoutaka. Baada yake ni mchungaji, kisha ni kaburi, kando ya Bi Dama.

Mungu ampe kaka yetu pumziko na amani aliyowaachia wenye misiba wengine.

Kanuni yake ilimgharimu kiti cha ubunge, na kiti hakukililia. Ilimgharimu miaka minne ya binti yake. Na ilimgharimu maneno ya kumzikia mke wake, ambayo hakuna aliyeyasikia, na ambayo mwishowe hata yeye hakuwa nayo.