Rispa Awino, Aliyeuliza Marehemu Alipenda Kula Nini

Hakuwa na baba. Hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na ofisi, wala kiti cha kuzunguka. Na kaburi la baba yake, wasikilizaji wapendwa, halikuwa na mwili.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo: Rispa Awino, mshauri nasaha wa Sori, tuliyemzika Jumamosi. Tulimwita Nyar Takawiri, yaani binti wa Takawiri.

Alizaliwa kisiwani huko. Alipokuwa msichana mdogo, ziwa lilimchukua baba yake, lisimrudishe. Mnajua desturi yetu. Mwili ukikosekana, tunazika tunda la yago, refu na zito kama mtoto mchanga. Wakalizika. Kisha wakamwambia Rispa, "Pole. Sasa nyamaza, mambo yamekwisha."

Dada yake, Cate, anasema: "Alinyamaza kweli! Alikuja kumtaja baba akiwa mke wa mtu, siku alipoonja omena jikoni kwangu. Akasema, 'Baba angelalamika chumvi.' Tukacheka, tukalia, omena ikaungua."

Siku hiyo Rispa aliijua kazi yake. Watoto wake walikuwa wakubwa tayari, naye akarudi darasani. Masomo ya jioni ya ushauri nasaha, Homa Bay. Vijana walimwita shosho, yaani bibi, wa dawati la mbele. Hakutoka. Masomo ya jioni, wapendwa, na akahitimu! Akarudi Sori, akaweka viti viwili kwenye kibanda cha kuwekea nyavu.

Hapo ndipo alipoletwa Jacktone, mvuvi. Mashua yao ilipinduka. Yeye akaokoka, mdogo wake akapotea. Kwao Rusinga, yago likazikwa. Jacktone hakwenda. Alishindwa kumtazama mama yake. Hakula, hakulala, na wenzake wakaanza kumficha kamba.

Rispa akaanza kama alivyofundishwa. "Nakuelewa," akamwambia.

"Unaelewa nini, mama?" Jacktone akafoka. "Umewahi kuzika tunda wewe?"

"Nimezika. La kwetu lilikuwa limepasuka ubavuni. Niliogopa baba ataingiwa na maji tena."

Jacktone akavuta kiti cha pili, akaketi.

"Mdogo wako alipenda kula nini?"

"Kichwa cha mbuta. Mlafi yule! Hata macho hakubakisha."

Akacheka. Halafu akalia, kwa mara ya kwanza.

Wiki hiyo hiyo akaenda Rusinga. Mama yake alimkuta mlangoni. "Wuoda, mwanangu, unasimama nje kama mgeni? Umeniletea samaki, au umeniletea macho tu?" Jacktone alikuwa amebeba kichwa cha mbuta. Wakakila pamoja, wakimtaja marehemu kwa jina.

Huo ni ushindi, wasikilizaji wapendwa. Ushindi wa Nyar Takawiri.

Cate na familia yote, poleni sana. Lakini Rispa angetukataza kuishia hapo. Basi wewe unayesikiliza, ukimpa mtu pole leo, usiondoke. Vuta kiti, uulize.

Leo kiti cha Rispa anakikalia Jacktone. Kule Takawiri kuna mama ambaye mwanawe amechukuliwa na ziwa mwezi huu. Simu hapokei tena, maana habari ile ilimfikia kwa simu. Rispa alikuwa ameahidi kumtembelea. Kwa hiyo jana, gatini Mbita, Jacktone aliandika: "Mama, nimetumwa na Nyar Takawiri. Nakuja Jumapili. Nitapika mimi. Fikiria tu kijana alipenda nini."

Akalamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi nahodha wa boti ya Takawiri. Injini ikanguruma. Barua ikaenda.