Bi. Ngendo Kang'ethe, Mkuza Fuwele wa Ruiru

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Ngendo Kang'ethe, fundisanifu mkuu wa maabara yetu ya Ruiru, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianzia Thika, akipima maziwa kiwandani kwa stashahada moja tu. Huku kwetu akawa mkuza fuwele.

Kazi hiyo haina makelele. Protini ya virusi vya mahindi ni ndogo kupita uwezo wa hadubini zetu, kwa hiyo huachwa katika tone la maji ya chumvi hadi ijipange kuwa fuwele. Fuwele hupigwa eksirei, na kutokana na madoa yanayotawanyika tunakokotoa umbo la protini. Wapo wanaodai kwamba akili ya kazi hii imo katika hesabu. Nawapinga: fuwele isipoota, hakuna cha kukokotoa.

Mwaka 2022, baada ya kungoja miaka miwili, tulipewa siku moja kwenye mtambo wa eksirei ng'ambo. Mimi, mhitimu mpya wa uzamivu kutoka chuo kikuu cha Juja, nilikuwa na fuwele tatu zinazong'aa, nikazitangaza kuwa protini. Bi. Ngendo alitaka kuibonyeza moja kwa sindano, maana chumvi ya tone nayo huota fuwele: ya protini humegeka, ya chumvi hugoma. Nilikataa kupoteza hata moja, nikamwaga hoja nusu saa nzima. "Kijana, bishana na sindano," alisema, akaibonyeza. Iligoma, kisha ikaruka kama kokoto. Gachau, dereva aliyengoja kupeleka kifurushi uwanja wa ndege, akauliza, "Daktari, kwani tunasafirisha chumvi ya kupikia githeri?"

Nilidhani siku yetu imepotea. Bi. Ngendo akafungua kabati, akatoa kisahani cha matone ya protini alichokiandaa kimya alipoona ninavyochungulia changu kila saa. Kwa wiki sita hakukigusa, kwani fuwele ya protini hutaka utulivu ili iote. Mlikuwa na fuwele tano, ndogo, zisizovutia macho. Moja ilimegeka kama jibini. Nne zilisafiri, zikatupa umbo kamili la ganda la virusi hivyo, la kwanza katika historia ya kituo hiki.

Ripoti ilipoandikwa, baadhi ya wakubwa walisema mwenye stashahada ashukuriwe tu mwishoni, kwa herufi ndogo. Nilibishana nao wiki mbili, na safari hii nilikuwa na haki. Waandishi ni wanne; jina la kwanza ni Ngendo Kang'ethe.

Bi. Ngendo, asante kwa subira yako na kwa kutukatalia pale tulipokosea. Nyumbani Gitothua ukapate afya, furaha na mapumziko marefu.