Gurudumu la Kocha Radlak

Ndugu waombolezaji, hii ni historia ya marehemu Bogdan Radlak, ambaye hapa Sagalla tulimwita Kocha tu, inayosomwa kwa niaba ya familia na shemeji yake, Geoffrey Mwandawiro, naye ameombwa na dada yake, mjane, asifunike kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 mjini Lublin, nchini Poland, mtoto wa tatu wa fundi wa reli, akasoma hukohuko hadi shule ya ufundi, akahitimu chuo cha michezo mjini Warsaw mwaka 1981, na kuanzia 1992 hadi 2006 akawa kocha wa timu ya taifa ya wanawake ya baiskeli ya nchi yake, kazi aliyofutwa kwa kukataa kumpanga mpwa wa mkubwa fulani.

Alifika Voi Februari 2008 akizunguka na baiskeli, malaria ikamwangusha, akauguzwa na nesi Teresia Wakesho, wakafunga ndoa kanisani hapa tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa binti mmoja, Shanice, mwaka 2011.

Nyote mnajua shida yetu ya maji. Watu walipopandisha mitungi mlimani kwa baiskeli, Kocha aliketi kwenye kona ya tano kuangalia ni nani asiyeshuka kusukuma, na huyo ndiye aliyemchukua kumfundisha mbio, na ndivyo alivyompata Kavinya, binti wa mzee Munyoki. Vijana wake sita waliingia timu ya taifa ya Kenya, lakini barua ya kumtambua yeye kuwa kocha wao, aliyoiomba katika chama cha baiskeli cha taifa tangu 2012, kila akienda aliambiwa iko mezani, inangoja sahihi, arudi wiki ijayo. Jamani, wiki gani hiyo ya miaka kumi na mitatu?

Tarehe 21 Septemba 2019, katika mbio za kuchagua timu ya Afrika, Kavinya akiongoza kwa dakika mbili, gurudumu lake lilipasuka mbele ya Kocha, naye alikuwa nyuma ya uzio, gurudumu jipya mkononi, akazuiwa kwa kuwa bila barua hakuwa na kitambulisho cha kocha, na gari la chama likafika baada ya wasichana kumi na mmoja kupita. Kavinya alirudi kubeba maji. Kocha alijilaumu hadi mwisho kwamba alitii, kwamba angeruka tu ule uzio, na hilo lilimla kuliko ugonjwa.

Alipata kiharusi Februari 2025, akalazwa Voi, akafariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na mkewe na Shanice.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanafunzi wake wote, na majirani, hasa Kavinya, aliyepandisha maji ya matanga haya siku nane mfululizo.

Wageni wa chama mlioketi hema la mbele, karibuni, jana mlituletea shada pamoja na barua inayomtaja marehemu kuwa kocha wa taifa, mkaomba isomwe hapa. Mjane ameisoma. Sisi hatutaisoma. Shada tumeliweka chini, na juu ya jeneza mnaona gurudumu, ni lile lile, halijawahi kugusa barabara, na Kavinya ndiye atakayeshuka nalo kaburini.

Pumzika kwa amani, Kocha, leo hakuna wa kukuzuia kupita.