Tumbo la Mbwa wa Bwana Miwani

Nyuma ya stesheni ya Dodoma, mwaka wa pili tangu garimoshi la Wadachi lifike, palikuwa na taruma la chuma la kulalia reli, lililopandishwa juu ya mawe mawili, na juu yake walikaa watu wasiokosa neno. Hassani wa Kondoa aliwauzia kahawa, nao wakamlipa kwa maneno. Alikuwapo Matonya, aliyejiita Shaushi, cheo cha askari, ingawa mji mzima ulijua kwamba katika vita vya Uhehe alibeba masufuria ya askari tu. Alikuwapo Bartolomayo, jina la kijiwe Simu, aliyefagia chumba cha simu na kusema kana kwamba Kaizari humnong'oneza yeye kwanza. Yoramu, boi wa Bwana Miwani mpima ardhi, aliwadharau wote. Lakini asubuhi hiyo aliwafuata mwenyewe, kikapu mkononi, maana mwenye shida hana aibu.

Ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa mbwa kutoka Ulaya. Bwana alikuwa safarini, na amri aliiacha mlangoni: atakaporudi jioni, mbwa awe amejua kukaa kitako akiambiwa, kila akikaa apewe kitu kitamu, na tumbo lisimharibikie. Likiharibika, Yoramu atalala chini apigwe viboko ishirini na vitano, ile hamsa ishirini. Na tumbo lenyewe lilikuwa la kioo. Biskuti za Bwana zilimwendesha. Nyama ya mafuta ilimwendesha zaidi.

— Mbona umebeba kikapu kama mkunga? Shaushi akaanza.

— Huyo mnyama asikaribie dele langu la kahawa, akasema Hassani. Nina udhu.

Yoramu akakiweka kikapu mbali, akafungua kitambaa.

— Nauliza tu, wazee. Hiki ni kifua cha kuku. Mke wangu Dorkasi amekichemsha bila chumvi wala mafuta, nami nimekikata vidogo kama punje za mahindi. Kitamfaa?

— Kuku! Shaushi akacheka. Mpe pilipili. Dawa ya moto ni moto.

— Pilipili, na tumbo linaharisha?

— Inafunga. Uhehe tulikula pilipili mwezi mzima. Nani aliharisha?

— Wewe ulikula ukoko wa masufuria, akadakia Simu. Nisikilize mimi, Yoramu. Habari imepita kwenye waya jana. Mbwa wa Ulaya hufundishwa kwa sabuni. Akikaa, kipande cha sabuni. Ndiyo maana ni weupe.

— Huyu mweusi.

— Kwa sababu bado hajaila!

Yoramu akawatazama mmoja mmoja. Watu wazima, ndevu zimejaa, na akili zao hazijai kikombe. Hassani, ambaye tangu azaliwe hajamgusa mbwa hata kwa fimbo, naye akatoa fatwa.

— Tumbo lake limeikataa nchi. Alambishwe udongo wa kwao. Mwambie Bwana auagize kwa meli. Haraka haraka haina baraka.

— Bwana anafika jioni, Hassani.

— Ndiyo hiyo haraka ninayoisema.

— Acheni utoto, akasema Shaushi. Baruti! Kidogo tu, kwenye ncha ya kisu. Nyumbu wa bwana mkubwa alikuwa mkaidi, tukampa baruti. Akakaa.

— Akakaa?

— Hakuinuka tena.

Simu akacheka mpaka akamwaga kahawa, kisha akarusha kipande cha kashata kikapuni. Yoramu aliruka, akakipokonya mdomoni mwa mbwa.

— Utachapwa wewe badala yangu? akafoka. Tangu jana anakula kuku huyu, na choo chake kigumu. Tazameni! Zitsi!

Mtoto wa mbwa aliposikia neno hilo la Kidachi la kukaa, akatoka kikapuni, akakaa kitako. Yoramu akampa punje moja ya nyama, na mkia ukafagia vumbi.

— Sasa ulikuja kuuliza nini? akanuna Shaushi.

Yoramu akakifunga kitambaa. Alikuja kwa sababu aliogopa, na alitaka mtu mmoja tu amwambie, ndiyo, hutapigwa.

Mtu aliyekuwa akipita na mbuzi wa kuuza alikuwa amesimama akitazama. Mazengo jina lake, mfugaji, mgeni mjini. Aliwaamkia wote shikamoo, kisha akaelekeza fimbo kwa mbwa.

— Samahani, ndugu. Kuku huyu wa nani?

— Wangu. Tetea wangu, nilimchinja jana. Watoto walipata mifupa.

— Na hiki kimbwa kimefanya nini hata kinapewa minofu?

— Kimekaa kilipoambiwa.

— Aa. Na wewe, ukifanya aliyokuambia Bwana, unapewa nini?

Shaushi akaanza kukagua reli. Simu akafuta kahawa aliyoimwaga. Hassani akainamisha dele, likatoka tone moja jeusi.

— Kahawa imekwisha, akasema, na hakuna aliyeomba nyingine.

Yoramu alilitafuta mdomoni jibu la kumpa yule mfugaji. Akifanya vizuri, hapigwi. Hiyo ndiyo zawadi yake, na aliona haya kuitamka mbele ya mgeni. Akawakumbuka watoto wakinyonya mifupa mitupu, akakifungua tena kitambaa. Akachukua kipande kimoja, akakitia kinywani mwake mwenyewe. Hakikuwa na chumvi. Akachukua cha pili. Mbwa alikuwa bado amekaa kitako, akingoja.