Baba Magnar na Kinamasi Ambacho Hakukionyesha

Ndugu, majirani na wote mlioketi kanisani hapa, mkianzia kama kawaida yetu mabenchi ya nyuma, mimi ni Ragnfrid, binti wa kwanza wa marehemu, na mama ameniomba niwasomee maisha ya baba kwa kuwa ni mwalimu na nimezoea kusomea watu wasiotulia.

Baba yetu, Magnar Elstad, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika shamba la Elstad hapa Namdalen, wakati wa vita, theluji ikiwa imefika madirishani, akapokelewa na bibi yake Oline, ambaye ndiye aliyemlea kwa sehemu kubwa. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1948 hadi 1955, ambako mwalimu mmoja kutoka Oslo alijitahidi kumfundisha kusema kama watu wa huko, naye akakataa katakata, akiamini hadi mwisho kwamba lahaja ya mtu ni kama pua yake, ukiibadilisha hata mama yako atakupita njiani asikujue.

Tarehe 1 Novemba 1962 aliajiriwa kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2008, na aliipenda kwa sababu mle ndani hakuna anayekuuliza habari. Alisema mtu akija kukaa karibu nawe kwenye basi lililo tupu, ama amelewa ama ni mgeni, na wote wawili wahurumiwe. Alisema wanaodai kwamba hakuna hali mbaya ya hewa ila nguo mbaya, wanadai hivyo wakiwa ndani. Kuni zilizopangwa ovyo hakuweza kuzivumilia, alizibomoa na kuzipanga upya, hata kama zilikuwa za jirani na jirani yuko dirishani anamtazama.

Tarehe 24 Juni 1967 alifunga ndoa na mama yetu, Solbjørg, baada ya kuteleza naye kwenye theluji kwa skii majira mawili ya baridi, bila kumwambia, kwa ushahidi wa mama mwenyewe, jambo zito kuliko "Upepo umegeuka." Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka 1969 na mdogo wangu Steinar mwaka 1973, ambaye alihamia Bergen kwenye mvua, na kila alipokuja nyumbani baba alimpokea kwa maneno, "Mbergen wetu kafika, mpokeeni mwavuli."

Sasa nifike kwenye multe, maana najua ndizo mnazozisubiri. Kila Agosti beri hizi za rangi ya dhahabu zilipoiva, baba alitoka alfajiri na ndoo, akaegesha gari mahali pasipo penyewe ili kutupoteza, akarudi jioni ndoo imejaa, na kinamasi alimozichuma hakuna aliyekijua, kwa sababu Bibi Oline alimwonyesha yeye peke yake, na kwetu mahali pa multe hapaulizwi, mtu huonyeshwa anapoaminiwa. Jirani yetu Kolbein, ambaye yuko hapa na ananiruhusu kusema, aliwahi kumfuata kichinichini, naye baba akamzungusha kwenye matope hadi akazama mapajani, kisha akarudi kumvuta na kummiminia kahawa.

"Unatafuta nini huku, jirani?"

"Natembea tu."

"Mimi pia, natembea tu," baba akasema, wote wawili wakiwa na ndoo.

Mimi sikuwa jirani, nilikuwa mwanawe, nami nilisubiri. Nilipopata kipaimara aliniambia, "Bado, mwanangu." Nilipoolewa aliniambia, "Mumeo ni mtu wa mjini, na anaongea usingizini." Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, nawajua wagumu wa kila aina, lakini hakuna aliyenichosha kama baba yangu, na mara nyingi nilijiuliza nimpe nini zaidi ili aniamini.

Moyo wake ulianza kumsumbua majira ya baridi yaliyopita, akalazwa mara mbili, na tarehe 9 Agosti mwaka huu, 2023, akiwa anakula mkate wake wa jibini la kahawia, aliniambia bila kunitazama, "Vaa buti." Tuliacha gari, safari hii mahali penyewe, tukapanda polepole hadi kwenye uzio wa mwisho, na hapo pumzi ikamwishia, akaketi juu ya jiwe.

"Baba, nielekeze tu. Nitakwenda mwenyewe."

Akaanza kuinua fimbo yake ya kutembelea, na hapo hapo Kolbein akatokea kwenye miti, ndoo yake imefunikwa kwa sweta. Fimbo ikashuka.

"Magnar! Mnafanya nini huku?"

"Tunatembea tu."

Kolbein alipoona midomo ya baba imebadilika rangi hakutuacha, alimbeba mgongoni hadi kwenye gari, nami nikafuata nyuma nimebeba ndoo mbili, yetu tupu na yake nzito, nikilia kwa hofu na kwa hasira. Baba hakupanda tena, na nilipomuuliza kitandani alijibu kwamba mahali kama pale hapaelezwi kwa maneno, panaonyeshwa. Alifariki nyumbani, tarehe 6 Oktoba, akiwa na miaka themanini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa barabarani waliosafisha njia ya kaburini asubuhi hii, na kwa namna ya pekee Kolbein, kwa mgongo wake, na kilichokuwa ndooni sitakiuliza. Baadaye, kwenye kahawa, mtapewa multe na krimu, kijiko kimoja kimoja, ni za mwisho alizochuma baba, Agosti ya mwaka jana, na msiniulize zimetoka wapi, kwa sababu sijui.

Ila fimbo ilikuwa imeshaanza kuinuka, nami niliona inaelekea upande gani. Mwakani, Agosti, mkiliona gari langu limeegeshwa mahali pa ajabu, natembea tu.

Baba, tulia sasa kwa amani, mlima uliobaki nitaupanda mimi.