Mkaratusi wa Mgeni Rasmi

KARIBU KIRUBI

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, padri wetu na wachungaji, wazee wa mlimani na wazee wa ziwani, na ninyi nyote mliokaa juani kwa sababu turubai limetosha meza kuu tu:

Shikamoo kwa wanaostahili, na habari za saa hizi kwa waliobaki. Tumefurahi umefika. Ratiba ilisema saa tatu, lakini barabara ya Kirubi tunaijua na hatumlaumu mtu. Hii ni mara yako ya pili kukanyaga hapa. Mara ya kwanza ulikuja ukiwa mratibu wa shirika lililotuletea miche. Leo cheo kimepanda na msafara umerefuka. Tunakupongeza kwa moyo. Waliotutangulia walisema ukubwa ni jaa, kwa hiyo utatuvumilia tukikutupia na yetu.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, Umoja wetu ulizaliwa na ugomvi. Kijito cha Kirubi kinaanzia hapa kwenye chemchemi, juu ya vilima vya Butiama, kinapita kwenye mashamba na malisho, kinaingia ziwani upande wa Bukima. Wavuvi wa Bukima walikuwa wanasema watu wa mlimani wamelima hadi ukingoni na kuswaga ng'ombe ndani ya maji, tope limefukia matete ambamo samaki huzaliana. Watu wa mlimani, pamoja na wafugaji waliohamia kutoka Mugeta, walikuwa wanasema wavuvi ndio waliomaliza miti ya kilima kwa kubanikia samaki. Pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli, na ndiyo maana ugomvi ulichukua muda mrefu.

Padri wetu alichoka kusuluhisha. Akasema hatasikiliza shauri tena mpaka walalamikaji watembee kijito chote kwa miguu, kutoka chemchemini hadi ziwani, Mjita na Mzanaki, Mwikizu na Mkurya, kila mmoja akiwa na mwenzake wa upande wa pili. Tulitembea kwa hasira. Lakini njia ni ndefu, na binadamu hawezi kukasirika huku anagawana kiporo. Mzee Revocatus wa Bukima, aliyezeeka juu ya maji, alifika kwenye jicho la chemchemi akachuchumaa kulitazama kwa muda, kisha akasema maneno ambayo tunayataja kila mkutano:

"Kumbe sisi tunakuwaga tunakunywa nyuma yenu."

Matiko, ambaye ni mfugaji na hakuwahi kulisogelea ziwa kwa miguu yake, alionyeshwa vifaranga vya furu na ningu kwenye matete, wadogo kama punje za ulezi. Wiki iliyofuata alihamisha njia ya ng'ombe wake.

TULIYOFANYA

Tangu hapo tunatembea kijito kila mwaka kabla ya vuli. Wavuvi wamesalimisha makokoro, nyavu zinazozoa hata vifaranga, na wanalinda matete. Wafugaji wamepunguza kushusha mifugo kijitoni. Mkuyu, ambao wazee wetu waliuheshimu kwa kukaa na maji, tumeurudisha kando ya kijito, na mingi imeshika. Furu wameanza kuonekana tena mahali ambapo watoto wetu waliwajua kwa hadithi. Wenzetu wa Guta walikuja kututazama, wakacheka kidogo, wakarudi kwao kuanza na kijito chao.

Kwenye semina tumeelezwa sana kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Tunashukuru. Tungependa tu kusema kwamba sisi hatukuanza kwa hofu. Tulianza kwa kuonana. Mtu aliyekunywa maji kwenye jicho la chemchemi ya mwenzake anaona haya kuyachafua.

HABARI YA MTI

Mgeni rasmi, sehemu hii haikuwemo kwenye risala iliyopelekwa ofisini kwako wiki iliyopita. Tumeiongeza jana, baada ya kikao kirefu, na waliopinga wako hapa wanasikiliza.

Ulipokuja mara ya kwanza ulipanda mti. Miche yako ilikuwa mikaratusi, na ilikusudiwa kilimani kwa ajili ya kuni. Lakini kamati yetu ilichimba shimo la mgeni rasmi hapa chini, hatua chache kutoka kwenye jicho la chemchemi, kwa sababu gari lingefika na picha ingependeza. Wako waliojua kwamba mkaratusi na chemchemi hawakai nyumba moja. Walinyamaza. Kwetu mgeni aliyeshika jembe hakosolewi.

Aliyekushikia ndoo siku ile ni mama Dafroza, ambaye boma lake liko jirani na tulimchagua kuwa mtunza chemchemi. Pengine hukumbuki. Yeye anakumbuka. Ulinawa mikono, ukamwambia, "Mama, huu nakuachia wewe. Nikirudi niukute." Naye akajibu kwamba ataulea.

Dafroza ni mtoto wa wafugaji, na wewe ulizungumza lugha ya wafugaji bila kujua. Huku, mtu akikuachia ng'ombe wake kwenye zizi lako, unakamua, unamlisha, unamtibu, lakini humchinji wala kumuuza bila neno la mwenyewe. Hata zizi likupungukie, yule wa amana ndiye wa mwisho kuguswa. Dafroza aliuchukua mti wako hivyo hivyo. Aliuzungushia miiba mbuzi wasiusogelee. Mwaka wa ukame, miche mingine ilipokuwa inakauka, alikuwa anausogezea maji aliyooshea vyombo. Kila aliyepita alimsikia akiusalimia, na watu walimtania kwamba ana mume mwingine anayelala nje. Mti uliitikia. Hakuna mti tuliowahi kuuona unakua kwa haraka namna ile. Kibao chenye jina lako ilibidi kifungwe upya kila mwaka ili kisimezwe na gome.

Maji yakaanza kupungua. Hatusemi mti peke yake ndio uliyakunywa, mvua nazo zilituchezea. Lakini mizizi ilionekana kwa macho imeingia ndani ya jicho, na wanawake waliokuwa wanachota kwa ndoo wakaanza kuchota kwa bakuli. Dafroza aliona kabla yetu sote kwa sababu analala jirani. Alileta habari kwenye kamati. Kamati ilipiga simu ofisini kwako ikajibiwa kwamba uko kikaoni. Tulipiga tena siku nyingine na kikao kilikuwa kinaendelea. Baada ya hapo kila mjumbe alisema mti ukatwe, na kila mjumbe akaongeza kwamba si yeye wa kuukata. Maombi yetu ya birika la mifugo yalikuwa mezani kwako, na mtu mwenye akili hakati mti wa mtu anayemwomba.

Ikafika siku ya matembezi. Desturi yetu ni kwamba wa ziwani wakifika hapa hunywa kwanza, kutoka kwenye kibuyu ambacho mtunza chemchemi mwenyewe hukizamisha kwenye jicho. Siku ile kibuyu kilikataa kuzama. Dafroza alikilaza ubavu, akasubiri kijae kidogo kidogo, na watu zaidi ya thelathini wakamsubiri. Mzee Revocatus alipopewa alikunywa funda moja tu, akampisha mwingine. Kisha akautazama mti, miiba, na kibao.

"Mama Dafroza," akasema kwa upole, "huyu ng'ombe wako anakunywa sana. Mwenyewe anajua?"

Dafroza alisema mwenyewe hapatikani. Usiku ule hakula, kwa mujibu wa jirani yake Jenoveva, ambaye ndiye aliyetusimulia mengine haya.

Asubuhi alitoka na shoka. Alitoa kibao kwanza, akakifuta kwa khanga, akakiingiza ndani. Kisha akaanza kukata. Mti ulikuwa mnene, na yeye si kijana. Wanawake waliokuja kuchota walitua ndoo wakakaa. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia, kwa sababu anayemsaidia mtu kuchinja ng'ombe wa amana naye ameshachinja. Alikata hadi jua likapinda. Mti ulipoanguka, Dafroza aliketi juu ya kisiki akalia kwa sauti, mtu mzima. Jenoveva akamuuliza analilia nini, mti si ndio uliokuwa unatumalizia maji.

"Siulilii mti," akajibu. "Nalilia neno langu. Nilimwambia mtu nitamlelea, na nimemchinjia."

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza, Mgeni rasmi, ilikuwa sisi wenyewe. Kamati ilishikwa na woga ikamsimamisha mama Dafroza utunzaji wa chemchemi mpaka mwenye mti aseme. Tuliposikia unakuja, mjumbe mmoja akatoa wazo kwamba tuchukue mkaratusi mwingine mkubwa mkubwa, tuupande palepale usiku, tufunge kibao chako, na ukiuliza tuseme umedumaa. Shimo lilianza kuchimbwa. Matiko akaja akasimama ukingoni mwa shimo lile akatuambia kwamba hajawahi kuona mwenye ng'ombe asiyemjua ng'ombe wake. Tukaona aibu, tukafukia.

Changamoto ya pili ni kwamba Dafroza haji tena chemchemini. Maji yamerudi. Yalianza kupanda hata kabla ya vuli, na sasa ndoo inazama. Wanawake wote wanachota isipokuwa aliyeyarudisha. Yeye huteremka hadi mbali kule chini, anakochota pamoja na ng'ombe, na anasema hawezi kunywa kwenye jicho mpaka ajue amesimama wapi na wewe. Tumemsihi. Kamati imemwambia rasmi kwamba amerudishwa kazini. Akatuuliza kamati ndiyo ilimwachia mti? Katika yote tuliyoyataja leo, hili ndilo linalotuuma, na tunalisema bila kuzunguka.

Zipo changamoto nyingine, kama barabara, na fisi, na vijana wachache wa pande zote mbili ambao bado wanapenda ugomvi wa zamani. Hizo zitasubiri.

MAOMBI

Tunaomba birika la mifugo, lijengwe chini ya chemchemi, ili ng'ombe wa kilima na wa Mugeta wanywe bila kuingia kijitoni. Hili unalijua, lipo mezani kwako.

Tunaomba kabla ya vuli ijayo utembee na sisi kijito chote mpaka Bukima. Viatu ulivyovaa leo havifai, tutakuazima. Mzee Revocatus amejitolea kuwa mwenzako wa njiani, na ameahidi hatakupa mhadhara.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala hii utapanda mti. Tumeandaa mkuyu, na shimo liko pale kijito kinapokunja kona, mbali na gari. Picha haitakuwa nzuri sana. Tunaomba twende hivyo hivyo, na safari hii usimwachie mtu mmoja. Tuachie sote.

Na la mwisho. Huku kwetu, ng'ombe wa amana akifia kwenye zizi la mlezi, mlezi humchuna, akaianika ngozi, akaitunza mpaka mwenyewe afike. Mwenyewe akiipokea ngozi kwa mikono miwili, maneno yamekwisha. Hakuna anayemdai mwenzake, na urafiki unaendelea kama jana. Akigeuza uso, mlezi anabaki na ngozi ya watu ndani ya nyumba yake hadi kufa, na hakuna kikao kinachoweza kumtua.

Mama Dafroza aliubandua mkaratusi wako gome kabla ya kuni kugawanywa. Amelianika, amelikunja, amelifunga kwa kamba. Yuko mstari wa mwisho pale, mwenye kitambaa cha kijani, na amekaa na mzigo huo magotini tangu asubuhi. Hatukukuandalia kikapu cha samaki wala mbuzi, kwa sababu tuliona si vizuri ukapokea zawadi zetu kabla ya kupokea kilicho chako. Tunamwomba sasa asimame, apite katikati. Nasi tunaomba, Mgeni rasmi, usimtume msaidizi. Simama mwenyewe, na mikono iwe miwili.

Mungu aliyetutenga kwa lugha na kutuunganisha kwa maji akulinde wewe na nyumba yako, ayabariki maji kuanzia jichoni hadi ziwani, na ampe kila aliyebeba mzigo hapa leo nafasi ya kuutua.

Ni sisi,
Umoja wa Watu wa Kijito cha Kirubi, Mlimani na Ziwani.

Risala imesomwa na Naomi, katibu. Gome linaletwa na Dafroza mwenyewe.