Mlango wa Dawa Usifungwe Mwezi wa Plamu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Naibu Waziri wa Afya, Daktari Slavenka, Muuguzi Obrenija, na majirani mliofika,

KARIBU
Karibu Gornji Brezovac. Kila nyumba uliyopita leo imekupokea kwa kikombe cha rakija, pombe yetu kali ya plamu. Sisi tumekupa kijiko cha jamu ya plamu na maji baridi. Hatukukunyima, mama. Hicho ndicho tunachoweza kukushikia bila mikono kutetemeka.

TULIKOTOKA
Klabu yetu ilianza miaka tisa iliyopita na walevi wanne. Leo tuko kumi na saba. Kila asubuhi tunameza kidonge cha kupunguza hamu ya pombe zahanati, mbele ya Muuguzi Obrenija, maana kanuni hairuhusu kwenda nacho nyumbani. Hatulalamiki. Wengine wetu tungekiacha mfukoni.

TULICHOJIFUNZA
Zamani tuliambiwa hatuna haya. Haya tunayo. Daktari alituchorea ubongo ubaoni, akasema miaka ya pombe imeufundisha kumwaga kemikali ya hamu, dopamini, hata kabla glasi haijafika mdomoni. Harufu tu inatosha. Mwenzetu Vukoman akabisha:

"Daktari, jana nilipita tu kwa kaka yangu. Sikugusa kitu!"

"Miguu ilipita, Vukoman. Ubongo ulikaa ukaagiza."

Tulicheka. Yeye hakucheka. "Kwa hiyo nitembee nimeziba pua, kama napita zizini?"

"Wewe meza kidonge. Harufu hakiiondoi. Ila ukinywa, ile raha huipati, na hamu inapungua polepole."

Kinapunguza kweli. Watu kumi kati yetu wamerudi kazini.

TATIZO
Oktoba kijiji kizima kinapika rakija. Harufu ya mitambo inaingia mpaka kanisani. Na ndiyo majuma matatu ambayo zahanati inafungwa kwa likizo. Hatumlaumu mtu. Miaka sita iliyopita tuliulizwa likizo iwe lini, tukainua mikono wote: Oktoba, tuchume plamu. Hakuna aliyeona ujinga wake, kwa kuwa hapa Oktoba kila kitu hufungwa.

Mwaka jana, siku ya tisa ya likizo, Vukoman, mwenye miaka miwili bila tone, alikwenda kukaa kwenye mtambo wa kaka yake. Trekta lake tulilitoa mtoni. Mkewe Stamena akahama, akarudi Mei. Alimwambia mbele yetu sote: "Baba wee, nikiisikia tena harufu hiyo mdomoni mwako, sikugombezi. Naondoka." Vukoman yuko pale mstari wa mbele, na shati alilopigiwa pasi na Stamena.

OMBI
Tulikuwa na maombi ya paa na viti. Tuliposikia una nusu saa tukayafuta. Limebaki moja: likizo ihamie Februari. Muuguzi Obrenija amekubali. Amesema, "Plamu zangu atachuma shemeji, mvivu yule." Mkoani wanasema ratiba hubadilishwa na wizara tu.

Leo ni Ijumaa. Likizo inaanza Jumatatu. Kaka yake Vukoman anawasha mtambo Jumatatu hiyohiyo. Barua iko kando ya sahani ya jamu, na kalamu tumeijaribu, inaandika.

Mungu akufikishe salama kwako, uwakute wote wazima.

Ni sisi, Klabu ya Wasiokunywa ya Gornji Brezovac. Tuko kumi na saba, na Novemba tunataka tuhesabiwe kumi na saba.

Imesomwa na Milisav, dereva wa lori mstaafu.